Kipimo cha kinyesi halafu kolonoskopi, uzoefu wangu (na ile dawa ya kusafisha tumbo)

Naandika hii kwa sababu kabla sijaenda nilitafuta mtu aliyepitia anieleze bila kunitisha na bila kunificha, nikawa napata vichekesho tu vya kuingiziwa kamera nyuma (ndo kolonoskopi yenyewe, kamera inapita kuangalia utumbo mpana kwa ndani). Basi nawaelezea mi mwenyewe, mwenye aibu aruke baadhi ya sehemu.

Kwanza mjue sikuwa naumwa kitu. Hapo ndo kila ninayemwambia anashangaa, yaani huumwi unaenda kupimwa utumbo? Ndio, tena huo ndo wakati wake. Kansa ya utumbo mpana mara nyingi inaanza kama kinyama kidogo kinachoota kwenye ukuta wa utumbo, madaktari wanakiita polipi, hakiumi hakiwashi, unakula unalala vizuri tu na chenyewe kipo. Vingi vinabaki hivo hivo maisha yote ila baadhi vinageuka kansa na safari hio kwa kawaida inachukua miaka kama 10, sasa ndani ya hio miaka ukikikuta unakikata na habari imeisha. Ukingoja mpaka uone damu, choo kibadilike, ukonde bila sababu au uambiwe damu imepungua na hakuna anayejua inaenda wapi, unaweza ukawa umechelewa sana. (Na kama dalili hizo unazo sasa hivi mambo ya umri achana nayo, nenda hospitali, usijipe jibu la bawasiri mwenyewe, bawasiri imewafichia wengi.)

Umri nilishafika. Marekani walikuwa wanasema uanze ukiwa na 50, mwaka 2021 wakashusha mpaka 45 kwa sababu wanaougua wakiwa bado vijana wanaongezeka. Chadwick Boseman yule wa Black Panther aligundulika 2016 ikiwa tayari hatua ya tatu, akafariki 2020 ana miaka 43, yaani hata hio 45 hakuifikia. Na kama mzazi wako au ndugu wa tumbo moja aliugua usifuate hesabu ya watu wote, wewe unaanza ukiwa na 40 au miaka 10 kabla ya umri aliogundulika nao, kipi kinatangulia, na mara nyingi unapelekwa moja kwa moja kwenye kolonoskopi.

Kwetu hatujawahi kuwa na mgonjwa wa hivo kwahio nilianza na kipimo cha kinyesi, wanakiita FIT. Hiki nakipa tano kwa tano. Unapewa kichupa chenye kijiti kwenye kifuniko, unafanya mambo yako nyumbani kwako, unakinga kinyesi kabla hakijagusa maji, unachoma kijiti sehemu kadhaa, unarudisha kwenye kichupa, unaandika tarehe (usisahau tarehe, wanaweza wakakikataa) unapeleka. Hakuna kufunga, hakuna kuacha nyama kama vile vipimo vya zamani, maana hiki kinatafuta damu ya binadamu tu ambayo kwa macho huioni. Kinaweza kukosa ndo maana kinarudiwa, Marekani kila mwaka, Uingereza kila baada ya miaka miwili.

Changu kikaja na damu.

Hapo kaka yangu akaanza, rudia bwana labda kimekosea, na mi nikaona kama ana pointi. Daktari akakataa. Akasema polipi haivuji damu kila siku, unaweza ukarudia leo ikawa safi na kitu bado kipo, kwahio jibu lenye damu linafuatwa na kolonoskopi, sio na kichupa kingine. Akaniambia pia wengi wanaopata jibu kama langu wanakutwa hawana kansa, nikashusha pumzi kidogo ila usingizi ulikuwa wa mang'amung'amu.

Sasa dawa ya kusafisha tumbo. Jamani. Hii ndo kazi yenyewe, kipimo ni mapumziko. Siku chache kabla unaacha vyenye mbegu na makapi, siku moja kabla ni vya majimaji tu tena vinavyopitisha mwanga na visiwe vyekundu wala zambarau maana huko ndani vinafanana na damu. Halafu ndo unakutana na lita za dawa, ya chumvichumvi, yaani glasi ya kwanza unasema mbona kawaida, ya tatu unaanza kuitazama kwa chuki. Kilichonisaidia ni kuiweka kwenye friji mpaka iwe baridi kabisa, kunywa kwa mrija, na kulamba limao kati ya glasi na glasi. Mafuta ya mgando pakaa KABLA hujaanza kwenda chooni, ukingoja kuchubuka umechelewa. Nusu unakunywa jioni, nusu unaamka nayo alfajiri, hio ya alfajiri watu wanatamani kuiruka lakini ndo inayosafisha vizuri, na utumbo ukiwa mchafu daktari haoni, unarudia yote upya. Unajua umemaliza pale kinachotoka kikiwa maji ya njano yasiyo na kitu.

Malalamiko yangu yapo hapa hapa. Kikaratasi cha maelekezo nilichopewa kilikuwa fotokopi ya fotokopi, na hakikusema chochote kuhusu dawa mtu anazotumia. Vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma vinasimamishwa siku kadhaa kabla, na wenye kisukari au wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda lazima wapewe utaratibu wao. Nilijua kwa sababu nilipiga simu kuuliza. Nyota moja naitoa.

Kipimo chenyewe sina mengi maana nilikuwa nimelala. Wanakuvalisha gauni lenye uwazi nyuma, unalalia ubavu wa kushoto, dripu, dawa ya usingizi, unaamka unauliza wataanza saa ngapi kumbe wameshamaliza. Aibu niliyoibeba wiki nzima hakuna aliyeihitaji, wale watu wako kazini. Baadae tumbo linajaa gesi na unatakiwa uitoe, nesi mwenyewe anakuhimiza. Nenda na mtu wa kukurudisha, usiendeshe gari siku hio. Kuna hatari ya utumbo kutoboka au kuvuja damu, ni nadra sana ila ipo, na unaelezwa kabla ya kusaini, uliza maswali yako hapo.

Walikuta polipi mbili ndogo wakazikata hapo hapo kwa kitanzi cha waya kinachopita kwenye kamera, sikuhisi kitu. Maabara wakasema ni zile za aina inayoweza kugeuka kansa ila bado hazijageuka.

Mkiniuliza uanze na kipi, kama huna dalili na kwenu hakuna mgonjwa, basi kile utakachokifanya kweli. Kama kamera inakufanya uahirishe kila mwaka chukua kichupa, ila ukikubali kichupa ujue umekubali na kamera ikibidi. Na ukimaliza kolonoskopi usiondoke na "uko sawa" ya mdomo, omba ripoti iliyoandikwa polipi ngapi, ukubwa gani, na utumbo ulikuwa msafi kiasi gani, kwa sababu tarehe ya kurudi inatokana na hayo. Asiyekutwa na kitu kwa kawaida anarudi baada ya miaka 10, mi nimeambiwa kati ya 7 na 10, mwenye nyingi au kubwa anaitwa mapema zaidi.