factor: kaprogramu ka bure kanakopasua namba kubwa kwa sekunde

Wapenzi wa hesabu, kama una laptop yenye Linux au simu yenye Termux (app ya kuandika amri kama za Linux) basi hii kitu tayari unayo na pengine hujui. Inaitwa factor, unafungua terminal (dirisha la kuandika amri), unaandika hilo jina, unaacha nafasi, unaweka namba, enter, inakuletea vigawo tasa vyake vyote, imeisha hiyo. Haina matangazo, haili bando, haikuombi email wala namba ya simu.

Namba nzuri ya kuipima nayo ni 147573952589676412927, yaani 2 kwa kipeo cha 67 halafu utoe 1. Hii namba ina historia jamani. Mtawa wa Ufaransa, Mersenne, aliiweka kwenye orodha yake ya namba tasa mwaka 1644, mpaka 1876 ndo mwanahisabati Mfaransa, Lucas, akathibitisha kwamba sio tasa, ila vigawo vyenyewe hakuvitoa. Oktoba 1903 huko New York, Frank Nelson Cole akasimama mbele ya wanahisabati wenzake, inasimuliwa hakutamka neno, akazidisha ubaoni 193707721 mara 761838257287, jibu likatoka namba ileile, akarudi kukaa na watu wakapiga makofi. Wanasema ilimla Jumapili za miaka mitatu.

factor inakupa hivyo viwili kufumba na kufumbua, hata kwenye simu ya kawaida!

Na ukishavipata usiishie hapo. Chukua 193707721, toa 1, gawanya kwa 134 (ni 67 mara 2), unapata 1445580 kamili bila baki, fanya hivyohivyo kwa kile kikubwa unapata 5685360129, nacho bila baki. Sio bahati, ni lazima kwa kila kigawo tasa cha namba ya aina hii (2 kwa kipeo ambacho ni namba tasa kubwa kuliko 2, halafu utoe 1), ukikitoa 1 kinagawanyika kwa kipeo mara 2, na mimi hapo ndo huwa naipenda hesabu kupita maelezo, yaani unaona kwa macho yako kitu ambacho darasani unaambiwa tu.

Mapungufu yapo. Haielezi chochote, inatema namba tu, mwanafunzi anayetaka hatua hazipati. Ukiipa 1000000 inakupangia 2 sita na 5 sita kwenye mstari badala ya vipeo, japo matoleo mapya ukiongeza -h inaandika vipeo. Halafu namba ya tarakimu 80 iliyotokana na namba tasa mbili za tarakimu 40 kila moja, hapo sahau, utaingoja mpaka uchoke, kazi hiyo inataka programu nyingine zenye njia nzito zaidi.

Naipa nyota 4 kati ya 5. Walimu wa hesabu wa sekondari hasa, jaribuni hii na wanafunzi, ila msiweke koma katikati ya tarakimu maana inaikataa namba.