Barbie wa mtumba Mlango Mmoja, nimechukua watatu wa enzi tofauti

Jamani mwenye mtoto wa kike hapa Mwanza anayelilia mdoli wa Barbie, kabla hujakimbilia yule wa kwenye boksi la pinki soma hapa kwanza. Mwezi uliopita nilimnunulia binti yangu mmoja mpya kwenye duka moja mjini, 15,000, siku ya pili mguu ukachomoka haurudi, nywele zimepandwa pembeni tu katikati kipara, ukimminya tumbo linabonyea kama chupa ya maji. Barbie ilikuwa boksi tu. Mtoto alilia mpaka usingizi ukampitia, na mimi iliniuma sana.

Jumamosi nikapanda daladala hadi soko la Mlango Mmoja kwa mama mmoja anauza midoli ya mtumba, anaimwaga kwenye beseni kubwa unachambua mwenyewe. Nikamsalimia mwangaluka mama, akaniachia nafasi, hakununa hata nilipoanza kuwageuza mmoja mmoja kusoma maandishi, maana ujanja ndo uko hapo: orijino ana jina la Mattel, kampuni inayomtengeneza Barbie, limechongwa mgongoni chini ya kiuno, wengine na nyuma ya kichwa. Ila angalia, mwaka utakaouona hapo ni wa umbo lilipobuniwa, sio wa mdoli kutengenezwa. Wa kwanza niliyemshika ana 1966 mgongoni na 1976 kichwani, mama akasema huyo wa kale bei yake nyingine, nikamweleza taratibu kwamba lile umbo waliendelea kulitumia mpaka miaka ya 90, akanielewa, akaniachia kwa 5,000. Wote watatu nimelipa 14,000, yaani bado haifiki ya yule feki.

Sasa mimi ni fundi cherehani kwa hiyo nimewaangalia kwa jicho la kipimo. Huyo wa kwanza kiuno cha nyigu kabisa, kifua mbele, anatabasamu meno nje, goti ukilikunja linalia kaka kaka, na miguu imesimama kwa vidole kama amevaa viatu virefu hata akiwa peku. Hiyo miguu imetoka naye mbali, tangu Ruth Handler, mmoja wa waanzilishi wa Mattel, alipomtoa New York mwaka 1959 kwa dola 3 na nguo ya kuogelea ya mistari myeusi na myeupe, umbo amelitoa kwa mdoli wa Kijerumani anaitwa Lilli. Wa wakati ule macho yalikuwa yanaangalia pembeni, ya kutazama mbele yamekuja 1971.

Wa pili ni mweusi, ana kitovu, na kitovu hicho ndo kinakwambia ni wa kuanzia 2000 hivi, kiuno nacho kimeshapanuliwa kidogo. Binti yangu huyu ndo alimkumbatia wa kwanza bila kuambiwa na mtu. Kwa kweli nilikaa nikafikiria, mwaka 1967 walitoa Francie mweusi, huyo ni binamu yake Barbie, lakini uso ulikuwa uleule wa Francie mzungu wamebadili rangi tu, 1968 akaja Christie ila huyo ni rafiki yake Barbie, mweusi mwenye jina la Barbie mwenyewe kaja 1980, kabuniwa na Kitty Black Perkins ambaye naye ni mweusi. Miaka 21 tangu Barbie wa kwanza! Watoto wangapi wamekua wakicheza na rafiki tu.

Wa tatu ndo kipenzi changu, ana mapaja, ana nyonga, tumbo lipo, na nyayo zimekanyaga chini sawasawa. Hao walitangazwa Januari 2016, maumbo matatu kwa mpigo, mrefu, mfupi na huyu mnene kidogo, na rangi za ngozi 7. Nilimkatia gauni la kitenge mabaki ya mteja kwa kipimo cha yule wa kwanza, halipiti hata kwenye nyonga, ikabidi nikate upya na kuweka lastiki. Kwa hiyo mkiagiza gauni kwangu semeni, na mkishona wenyewe angalieni, mdoli ni umbo gani, sio kuniambia tu inchi 11 na nusu, urefu hausaidii kitu.

Kwa mama yule kasoro zipo nazo, viatu hakuna kabisa, wanakuja uchi, mmoja kachorwa peni usoni haijatoka mpaka leo, mwingine vidole vimetafunwa nikamrudisha kwenye beseni. Nywele zinakuja kama kiota, ila osha na sabuni, paka kondishena, chana kuanzia nchani kwenda juu halafu chovya kwenye maji ya moto, mimi zimelala vizuri kabisa. Nendeni siku akifungua belo jipya na muwahi asubuhi, mchana wanabaki vichwa na miguu.

Nimemwachia namba yangu. Jirani yangu ana mtoto anatumia kiti cha magurudumu, na Barbie wa hivyo wapo tangu 2019, kabla yake alikuwepo rafiki wa Barbie, Becky wa 1997 ambaye kiti chake hakikupita hata mlango wa nyumba ya Barbie. Mama kasema akimwona kwenye belo hamuweki kwenye beseni, anamficha chini ya meza mpaka nifike.