Kigeuzi cha sauti nilichonunua Kariakoo: mvumo haukuwa masikioni mwangu

Kifaa hiki nimekaa nacho tangu masika, na mara tatu nimeanza kuandika uzoefu wangu nikaacha, kwa sababu kila nikianza hasira inanitangulia. Leo nimeamua kuandika hivyohivyo. Nazungumzia kigeuzi cha sauti, kile kisanduku ambacho wauzaji hukiita DAC, kinachochomekwa kwenye kompyuta kwa waya wa USB ili kazi ya kugeuza tarakimu za muziki kuwa sauti ifanyike nje ya kompyuta badala ya ndani yake. Habari za biti na kilohezi zimeandikwa kwenye kasha lake, anayezitaka atazisoma huko. Mimi nina jambo moja tu la kueleza, nalo ni namna nilivyouliza swali, nikanyimwa jibu, kisha nikadharauliwa mbele ya watu.

Kaka yangu, Mungu amrehemu, alipiga fidla katika kikundi cha taarabu pale Tanga kwa miaka mingi, na alipoondoka aliacha kaseti zaidi ya arobaini za mazoezi yao. Mwanawe alizihamishia zote kwenye kompyuta mpakato akaniletea, akisema, "Shangazi, sasa hazitaoza tena." Niliiunganisha kompyuta hiyo na amplifaya yangu ya siku nyingi kwa kutumia tundu la hedifoni, nikakaa kumsikiliza kaka, na nilichokisikia kilinikera. Kila nilipokisogeza kipanya, spika zililia mkwaruzo mwembamba kama ukucha unaoburuzwa juu ya bati, na nilipokiacha kipanya kikatulia ulibaki mchakacho wa chinichini uliokuwa ukipanda na kushuka kadiri kompyuta ilivyokuwa ikifanya kazi. Mtoto wa kaka alinieleza kwamba ndani ya kompyuta sehemu ya sauti imebanwa karibu na vitu vingine vingi vinavyotumia umeme, na fujo ya umeme huo huingia kwenye muziki. Dawa yake, alisema, ni DAC.

Siku niliyokwenda kununua nilipokewa vizuri mno. Kijana wa dukani alinipa shikamoo, akanitolea kiti, akamtuma mwenzake aniletee maji. Nikamwuliza swali moja, na hadi leo nalikumbuka neno kwa neno: "Mwanangu, nitakiunganisha na amplifaya kwa waya zile za nyekundu na nyeupe, je, hakitavuma?" Hakunijibu. Aliweka makasha mawili juu ya meza akaanza kunisomea namba: hiki kinafika kilohezi 192, hiki kinafika 384, hiki cha pili ndicho bora, mama, huoni namba ni kubwa mara mbili? Nilitoa shilingi laki tatu na elfu ishirini kwa ajili ya ile namba kubwa.

Sasa najua kilichokuwa ndani ya namba ile, na kujua huko kumeniongezea uchungu. Kilohezi hizo ni maelfu ya vipimo vya sauti kwa kila sekunde. Santuri za CD, tangu zilipoanza kuuzwa mwaka 1982, huipima sauti mara 44,100 kwa kila sekunde, na kipimo hicho kinatosha kurudisha kila mlio hadi hezi 20,000, yaani mitetemo 20,000 kwa sekunde, na zaidi kidogo, ambako ndiko mwisho wa sikio la kijana mwenye afya. Kaseti ya kawaida iliyorekodiwa ukumbini kwa redio ya mkononi haikaribii hata kidogo mpaka huo, na mchakacho wa utepe wenyewe hufunika kila kitu kilicho laini sana. Kwa muziki wangu, kasha la bei ndogo na kasha la bei kubwa yangetoa sauti ileile. Kijana aliijua kaseti, kwa sababu nilimweleza nitasikiliza nini, na bado aliniuzia namba.

Nyumbani nilikichomeka, na kwa hedifoni kila kitu kilikuwa kimya na kisafi. Nilipoziunganisha zile waya mbili na amplifaya, spika zote mbili zilianza kuvuma. Ulikuwa mvumo mzito, wa chini, usiopanda wala kushuka, kama friji kuukuu iliyo chumba cha pili. Ukiongeza sauti unaongezeka nao. Katika mapumziko ya wimbo, pale ambapo kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, inanyamaza na mwimbaji anavuta pumzi, ulikuwa unasikia mvumo peke yake. Nilibadilisha waya, nikabadilisha tundu la USB, nikahamisha meza. Mvumo ulikuwa palepale.

Baada ya siku chache nilirudi dukani na kompyuta yangu begani. Safari hii hapakuwa na shikamoo wala kiti. Kijana yuleyule alinisikiliza huku anatazama simu yake, akakichukua kifaa, akakichomeka kwenye kompyuta yangu, akavaa hedifoni, akasikiliza labda nusu dakika. Kisha akazivua na kuziweka mezani.

"Kifaa kizima hiki, bi mkubwa."

Nikamwambia, "Mwanangu, kwa hedifoni hata nyumbani hakivumi. Kinavuma nikikiunganisha na amplifaya."

"Basi amplifaya yako mbovu. Au masikio. Mtu akifika umri huo husikia vingi."

Wateja wawili walicheka. Mmoja wao alikuwa msichana wa umri wa mjukuu wangu, na aliponiona namtazama aliinamisha kichwa kwa aibu, lakini yule kijana hakuona aibu. Nilirudisha kifaa kwenye kasha lake kwa mikono iliyokuwa inatetemeka, nikapanda daladala nikarudi nyumbani, na njia nzima nilikuwa natafuta maneno ambayo ningepaswa kumwambia. Nimesikiliza fidla tangu nikiwa mtoto wa kubebwa. Naweza kukuambia kama uzi wa pili umelegea kabla mpigaji mwenyewe hajajua. Kama mngeniuliza jioni ile, ningewaambia msinunue kifaa hiki, wala kingine chochote cha aina yake.

Aliyenionesha ukweli ni mjukuu wangu wa miaka minne. Alikuwa anakimbia sebuleni, mguu wake ukanasa kwenye waya wa chaja ya kompyuta, plagi ikachomoka ukutani, na mvumo ukakatika palepale kana kwamba umekatwa kwa kisu. Nikaichomeka tena chaja, mvumo ukarudi. Nikaichomoa, kimya. Nilifanya hivyo mara sita au saba, na mtoto akidhani ni mchezo.

Nikampelekea habari hiyo fundi mmoja wa Ilala anayefunga redio za magari, na yeye hakuhitaji hata kukiona kifaa. Alinieleza kwamba chaja yangu ina plagi ya pini tatu na amplifaya yangu pia ina plagi ya pini tatu, kwa hiyo zote mbili zimeshikana na waya wa ardhi, ule ambao mafundi huuita ethi. Ninapoziunganisha tena kwa waya za sauti kupitia kile kifaa, ethi inakuwa imefunga duara, na ndani ya duara hilo hupita umeme mdogo unaofuata mapigo ya umeme wa nyumbani, mara 50 kwa sekunde, pamoja na mapigo ya kasi zaidi yanayozaliwa nayo. Huo ndio mvumo. Kwa hedifoni haupo kwa sababu hedifoni hazishikani na ukuta. Dukani haukuwapo kwa sababu hapakuwa na amplifaya, na kompyuta yangu ilikuwa inatumia betri. Kwa hiyo kifaa kilikuwa kizima, amplifaya ilikuwa nzima, na masikio yangu yalikuwa mazima. Kilichokosekana ni mtu wa kulichukua swali langu kwa uzito.

Jirani yangu alikuwa amenishauri niikate ile pini ya ethi. Nilipomtajia fundi alipandisha sauti: waya huo ndio unaookoa maisha siku umeme unapovuja kwenye bodi ya chuma, na mtu asiuguse kwa sababu ya muziki. Badala yake alifungua droo, akanitolea kidude cheusi kisichozidi viberiti viwili, chenye matundu ya nyekundu na nyeupe kila upande. Magari nayo hupatwa na ugonjwa wa namna hii, redio ikalia pamoja na injini, na mafundi huweka kidude hicho katikati. Ndani yake mna transfoma mbili ndogo, sauti inavuka kwa sumaku bila waya wa upande mmoja kugusana na wa upande wa pili. Alinitoza shilingi elfu kumi na nane, na alipoandika risiti aliniita mama.

Jioni hiyo nilimsikia kaka yangu. Kuna kanda moja ambayo kabla ya wimbo anajaribu nyuzi zake akifuatisha kanuni, na mimi niliwahi kuisikia mara nyingi kwenye redio ya kaseti kama kelele za kawaida za maandalizi. Safari hii nilisikia upinde ukigusa uzi kabla mlio haujatoka, ule mkwaruzo mfupi wa nywele za farasi na utomvu, kisha kaka akakohoa kidogo, kama alivyokuwa akikohoa daima, akasema "haya." Nililia. Kama mngeniuliza usiku ule, ningewaambia kifaa hiki kina thamani mara mbili ya bei yake.

Lakini nimeahidi kusema kweli. Wiki iliyofuata nilikiondoa kifaa cha laki tatu na ishirini, nikachomeka kile kidude cha fundi moja kwa moja kwenye tundu la hedifoni la kompyuta, kama nilivyokuwa nimeunganisha mwanzo kabisa. Mkwaruzo wa kipanya ulikwisha karibu wote. Kumbe hata ule wa mwanzo, kwa sehemu kubwa, ulikuwa ni duara lilelile la ethi. Kwa spika zangu na kaseti za kaka, tofauti iliyobaki kati ya kompyuta peke yake na kifaa kile ni ndogo, na siku nyingine naitafuta siipati. Nilikaa kwenye kiti nikalitazama lile kasha. Yule kijana angejibu swali langu siku ya kwanza, huenda ningetoka Kariakoo na kidude cha elfu kumi na nane tu.

Upande wa hedifoni mambo ni tofauti, na hapo siwezi kukinyima haki yake. Tundu la kompyuta yangu lina mchakacho wake wenyewe, na nikivaa zile hedifoni nzito alizoniachia kaka sauti inakuwa hafifu hata nikiipandisha hadi mwisho. Kifaa kile kinazisukuma bila taabu, na usiku nyumba ikiwa imelala ndicho ninachokitumia. Kile kidude cha fundi nacho kinapunguza kidogo besi za chini kabisa. Ngoma ya dumbaki haipigi kifuani kama inavyopiga kwa hedifoni.

Mtoto wa kaka anataka kununua kama changu. Juzi, baada ya kusikiliza kanda mbili usiku, nilimwambia anunue. Jana asubuhi nikiwa napanga karatasi niliikuta risiti ya lile duka, nikakumbuka namna yule kijana alivyoziweka zile hedifoni mezani, nikampigia simu kumwambia asubiri kwanza.