Chanzo cha kifo: cheti cha daktari au mahojiano na wafiwa?

Kwa kutambua ugonjwa wenyewe, cheti cha daktari kina nguvu zaidi: kuna vipimo, kuna faili, pengine hata uchunguzi wa maiti. Ila lazima kijazwe vizuri. Ukikuta kwenye mstari wa chanzo pameandikwa "moyo kusimama", hujaambiwa kitu. Kila anayekufa moyo wake husimama. Takwimu za taifa zinataka kilichoanzisha: kisukari, kifua kikuu, ajali ya bodaboda. Hili linaniuma, maana dakika chache za umakini zingetosha.

Mahojiano, yaani kuwauliza wafiwa dalili za marehemu kwa dodoso la Shirika la Afya Duniani, yanaweza kufika hadi vijiji vya Bahi na Kondoa mkoani Dodoma, kwa marehemu ambaye hakuwahi kuonana na daktari. Ajali na vifo vya uzazi hutambulika vizuri. Homa ndiyo hukanganya, kwani malaria na maradhi mengine huelezwa kwa dalili zilezile. Gharama ni nauli na muda wa mhojaji, na akichelewa sana kumbukumbu hufifia.

Hospitali ya rufaa iwafundishe madaktari wake kujaza vyeti. Halmashauri ambako wengi hufia nyumbani ianze na mahojiano, matanga yakishaisha, na aulizwe hasa aliyemuuguza marehemu.