Gesi ya AC ya gari haiishi kama petroli! Yaliyonipata kwa garaji moja Kisumu

Nimejaribu kupoa kabla ya kuandika hii na imenishinda, kwa hivyo wacha niandike hivyo hivyo. Kuna garaji moja hapa Kisumu, jina sitaji, imenilia pesa mara tatu kwa kitu kimoja, na juu ya hiyo pesa fundi wao akanitolea neno ambalo nikilikumbuka hata usiku nageuka kitandani. "Madam, kwani ulizaliwa na AC?" Mbele ya mama yangu. Mama amekaa hapo kiti cha mbele, jicho limefunikwa, anasikia vile binti yake anajibiwa.

Ngoja nieleze ilivyoanza ndio mnielewe, maana najua kuna mtu atasema AC ni mambo ya watu wakubwa.

Mama anakaa upande wa Ahero. Si zamani sana alitolewa mtoto wa jicho, na hospitali wakatuambia jicho lisipigwe na vumbi wala upepo mpaka lipone, dawa ya matone atiwe kwa saa zake, na siku fulani fulani arudi kuonwa. Sasa ile barabara ya kutoka Ahero kuja Nyamasaria mnaijua. Lori la miwa mbele, lori la miwa nyuma, matatu inakupita kando kwa mchanga, na ikifika saa saba jua linakupiga mpaka usukani haushikiki. Ufungue dirisha, vumbi linaingia lote kwa jicho la mgonjwa. Ufunge, mzee anapikika kama samaki kwa sufuria. Kwa hivyo AC kwangu wakati huo haikuwa starehe, ilikuwa sehemu ya matibabu ya mama, na hivyo ndivyo nilivyomwambia yule fundi kwa mdomo wangu.

AC ilianza kusumbua kabla hata ya upasuaji. Nikiwasha asubuhi inapoa kidogo, halafu hewa inakuwa ya kawaida, halafu ya moto kabisa. Pale mbele kwa injini nasikia tak, inashika, baada ya muda mfupi tak, inaachia. Sasa najua hiyo ilikuwa kompresa, ile pampu ya kubana gesi, inazimwa na swichi ya presha kwa sababu gesi ni kidogo, inajilinda isiungue.

Nikapeleka hapo kwa sababu walishawahi kunifanyia breki vizuri, hilo sitawanyima. Fundi akafungua boneti, akaunga geji ya kupima presha, hata dakika mbili hazijaisha akasema, "Gesi imeisha. Elfu tatu na mia tano." Nikatuma. Akajaza huku ameshika ile paipu kwa mkono kuona kama imepoa, hiyo ndiyo ilikuwa mizani yake. Na kweli ikapoa. Ikapoa mpaka kesho yake nikawasifu kwa staffroom na mwalimu mwenzangu akachukua namba yao, kitu ambacho kinaniuma zaidi, kwa sababu nilimpeleka mtu.

Wiki mbili hivi, joto limerudi. Nikarudi pia. "Hiyo ni kawaida madam, gesi huisha, na hii gari ni mzee, na jua la Kisumu unalijua." Elfu tatu na mia tano tena.

Hapo ndipo najilaumu. Mimi ni mwalimu wa kemia. Kila mwaka nasimama mbele ya watoto nawaeleza vile kimiminika kikigeuka kuwa gesi kinachukua joto la kitu kilicho karibu, na hiyo ndiyo AC yote, hakuna uchawi mwingine. Hiyo gesi ya magari mengi yetu, R134a, inachemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri ikiwa haijabanwa. Kompresa inaibana, inapita kwa kondensa pale mbele ya redieta inaachia joto inakuwa maji maji, inaingia ndani nyuma ya dashibodi inachemka tena na kunyonya joto la ndani ya gari, halafu inarudi kwa kompresa. Inazunguka. Ile ile. Haichomwi kama petroli, haiendi kwa ekzosi. Mfumo umefungwa, na ukiwa mzima hiyo gesi inakaa miaka. Sasa mtu akikuambia gesi uliyotia wiki mbili zilizopita "imeisha", swali ni moja tu: imeenda wapi? Imetoka mahali. Kuna tundu, au kuna maungio yamelegea, na yeye anakujazia ndoo iliyotoboka halafu anakuambia ndoo huwa ziko hivyo. Nilijua hayo yote na nikanyamaza kwa sababu mtu amevaa ovaroli na ana geji mkononi. Nimejiuliza sana kwa nini.

Mara ya tatu sikunyamaza. Ilikuwa siku ya mama kurudi hospitali, nimemtoa Ahero mapema, tumefika njiani AC imekufa kabisa, nikapita hapo nikiwa nimekasirika tayari. Nikamuuliza polepole, kwa heshima, naapa nilikuwa na heshima, "Fundi, kabla hujajaza, umeangalia inaliki wapi?" Hakuniangalia hata usoni. Akasema, "Madam, wewe fundisha watoto, hii kazi tuachie." Nikamwambia mgonjwa ni huyu hapa, ametoka upasuaji wa jicho, siwezi kukaa dirisha wazi. Ndio akatoa hilo neno. "Fungua dirisha kama watu wengine. Kwani ulizaliwa na AC?" Na vijana wawili waliokuwa wanafungua tairi wakacheka.

Mama akanigusa mkono. "Nyathina (mwanangu), wacha. Twende tu." Mtu mzima, anaumwa, na yeye ndiye ananituliza mimi.

Na bado nililipa, kwa sababu saa ya daktari ilikuwa imefika. Mnaelewa hiyo? Nimetukanwa na nikalipa.

Kitu kingine kilichonichemsha ni hiki. Kabla ya kujaza, alichukua bisibisi akabonyeza ile valvu na gesi iliyobaki ikatoka, fssss, mpaka ikanyamaza, yote hewani. Hiyo gesi ndiyo tuliletewa baada ya ile ya zamani, R12, kupigwa vita kwa kuharibu ozoni, ile tabaka ya angani inayotukinga na jua, tangu mkataba wa Montreal wa 1987. R134a ozoni haigusi, lakini kwa kushika joto la dunia kilo yake moja inashinda kilo moja ya kaboni dayoksaidi zaidi ya mara 1,000 ukihesabu kwa miaka 100. Ndio maana 2016 nchi zilikaa hapo Kigali, si mbali na sisi, wakakubaliana gesi za aina hii zipunguzwe. Sasa sisi tunalia mvua imekataa, mara mto Nyando umefurika umeingia kwa watu, na mtu mzima anaiachia hewani kwa bisibisi na kuniuliza kama nilizaliwa na AC.

Nikiwa natoka geti, kijana mmoja wa hapo, mdogo, bado anafunzwa kazi, akanifuata kama anaenda kufunga geti. Akasema kwa sauti ya chini, "Auntie, usikasirike. Hiyo inaliki. Kuna mafuta pale mbele kwa paipu, nilimwonyesha akaniambia nisiharibu kazi." Akanielekeza kwa fundi mwingine upande wa Kondele. Sitasema zaidi juu ya huyo mtoto asije akafukuzwa. Lakini yeye peke yake ndiye fundi kwa hiyo garaji.

Huyo wa Kondele naye sitamfanya malaika. Aliniambia saa mbili asubuhi, akatokea karibu saa tano, nimekaa juu ya jiwe nimepoteza Jumamosi yangu yote. Nikiwa karibu kuondoka akafika, akaomba msamaha kama mtu, akasema "mwalimu, nikubalie nianze", na kuanzia hapo sikuwa na neno.

Kitu cha kwanza hakugusa geji. Alichukua kitambaa cheupe, akafuta maungio moja moja. Kompresa, hakuna. Valvu, hakuna. Akafika pale paipu inaungana na kondensa, nyuma ya grili, kitambaa kikatoka na doa la mafuta, jeusi kwa vumbi, pembeni linapiga kijani. Akaniita nione. Akanieleza ndani ya mfumo gesi inatembea pamoja na mafuta ya kompresa, kwa hivyo mahali gesi inatoka mafuta nayo yanatoka, vumbi linashika hapo. Yaani alama ilikuwa hapo mara zote tatu! Mtu yeyote mwenye macho na kitambaa angeiona!

Hakuishia hapo. Akasema hataki kunidanganya, huenda kuna mahali kwingine. Akatia rangi ile inayong'aa kwa tochi ya zambarau, akaniambia nitumie AC siku mbili tatu na gesi hiyo iliyobaki, nirudi. Niliporudi alifunika boneti na koti lake zito ili kuwe na giza, akaniambia niingize kichwa. Nikachungulia humo, joto la injini linanipiga usoni, akawasha tochi, na pale pale kwa maungio pakawaka kijani kama mdudu kimulimuli, tone moja linaning'inia chini ya nati. Sehemu zingine zote giza tupu. Nilisimama hapo nikiangalia hilo tone nikihesabu pesa zangu, elfu kumi na mia tano.

Gesi iliyobaki aliinyonya na mashine akaiweka kwa mtungi, hakuiachia. Akafungua nati, akatoa oringi. Kipete kidogo cha mpira, hakizidi pete ya kidole cha mtoto. Upande mmoja kimelala bapa, kigumu kama plastiki, nilipokibonyeza na ukucha kikakatika. Hicho! Aliweka kipya, akakipaka mafuta kwanza, akabadilisha na cha paipu ya pili kwa sababu umri ni mmoja. Oringi zote mbili hazikufika mia tatu.

Halafu akaunga pampu ya vakyumu, akaiacha inguruma karibu nusu saa, geji ya bluu ikashuka chini ya sifuri. Akazima, akasema sasa tunaangalia mshale. Ukipanda, bado kuna tundu. Tukakaa. Haukusogea. Hiyo vakyumu pia ndiyo inatoa hewa na unyevu, maana maji yakibaki ndani yanachanganyika yanatengeneza asidi inayokula mfumo polepole, na kule kwingine hawakuwahi kuifanya hata mara moja. Mwisho akasoma ile stika chini ya boneti inayosema gramu ngapi, haifiki hata nusu kilo, akapima kwa mizani. Kwa mizani, si kwa kushika paipu. Alinieleza ikizidi pia haipoi vizuri na kompresa inaumia.

Yote pamoja nilimlipa kama elfu sita na kitu. Ni ghali kuliko kujaza mara moja, ndiyo. Lakini ni miezi sasa, na jana mchana hapo Nyamasaria kwa jam AC ilikuwa baridi kabisa. Na kama wewe umeona maji yanadondoka chini ya gari upande wa abiria ukiwa na AC, usikimbizwe, hiyo si gesi, ni unyevu tu wa hewa umegeuka maji, mwenzangu mmoja nusura alipishwe kwa hilo.

Sasa hiyo garaji ya kwanza. Nilikuwa nataka kusema AC msiwapelekee ila breki wako sawa, niwe mwenye haki. Na nilimpigia mwenye garaji kwa simu nikidhani pengine hajui vile watu wake wanaongea na wateja. Akanisikiliza, akasema "gari za zamani zina mambo mengi madam", akakata. Sikuomba pesa hata. Nilitaka tu neno pole, la mama. Basi hata breki siwapelekei, na nikiulizwa staffroom nasema hivyo hivyo.

Halafu juzi napita hapo, naona yule yule na geji yake, ameunga kwa gari ya dada mmoja ana mtoto mgongoni, dada ameshatoa simu alipe. Nilipita, nikaenda kama mita mia, nikashindwa. Nikageuza gari. Nikamsalimia dada, nikamwambia, "Kabla hujatuma, mwambie akuonyeshe inaliki wapi." Dada akamgeukia fundi, akamuuliza. Fundi akaniangalia usoni, mara ya kwanza tangu tujuane, na kijana mdogo wa geti tayari alikuwa anakuja na kitambaa.