Hyper Light Drifter: mchezo usiosema neno, na maneno ya watu wa Katuba

Jambo yenu, bandugu. Mkisikia tak-tak-tak nyuma yangu, msifikiri ni fundi anapiga bati. Ni mdogo wangu na maneti, kile kidude cha kushika mkononi unapocheza. Yuko kwenye chumba kimoja cha mji wa katikati, anajaribu kuruka kwa kasi mara 800 mfululizo bila kukosea, apate nguo mpya ya shujaa wake. Nguo tu! Haiongezi nguvu wala maisha. Ameanza asubuhi. Tutamrudia.

Leo tuko Katuba, mtaa wa hapa Lubumbashi, chini ya mwembe, kompyuta iko juu ya kigoda, na mchezo tunaoupima unaitwa Hyper Light Drifter. Si mpya. Ulitoka tarehe 31 Machi 2016 kwa kompyuta, mwaka huohuo ukaingia PlayStation 4 na Xbox One, 2018 ukafika Nintendo Switch, na 2019 iPhone na iPad. Mbona niuzungumzie leo? Kwa sababu mwezi mzima nimeuzungusha kwa watu wa hapa mtaani, nikawapa maneti bila kuwaeleza chochote, nikakaa pembeni nikisikiliza. Waliyoyasema hayafanani kabisa na yale ambayo wachezaji wa Ulaya na Marekani wamekuwa wakibishania miaka yote hii.

Kwanza angalieni picha. Vile vidoti vya mraba ni pikseli, mtindo wa zamani, wa enzi za kaseti za Super Nintendo. Aliyeubuni, Alx Preston wa Marekani, amesema wazi kwamba alikua akicheza Zelda ya wakati ule na Diablo, na mchezo huu ni mtoto wa hao wawili: unatazama kutoka juu, unatembea, unakata, unatafuta milango iliyofichwa. Lakini hakuna Super Nintendo ambayo ingeweza kubeba rangi hizi. Tazameni msitu wa magharibi, ule wa fuwele, waridi juu ya samawati. Kule kaskazini ni mlima wa theluji. Na pale, simamisha kidogo... mnaona ule mkono? Ni mkono wa jitu lililokufa zamani, mkubwa kuliko nyumba, umebaki umeshika jabali. Shujaa wetu ana ukubwa wa punje ya mchele, anapita chini yake na koti lake jekundu. Hakuna anayekuambia jitu lilikuwa nani. Unapita tu.

Na hapo ndipo mabishano yalipo. Mchezo huu hausemi. Ukiacha menyu na maelekezo machache, hakuna mazungumzo wala maandishi chini ya kioo, na hakuna mzee wa kijiji anayekupa hadithi ya dakika kumi. Ukimkaribia mtu mjini, juu ya kichwa chake zinatokea picha tatu nne, moja baada ya nyingine, basi. Tangu 2016 kuna wachezaji wanaosema huo ni uvivu, kwamba hadithi imefichwa mpaka haipo, umalize mchezo usijue ulikuwa unapigania nini. Wengine wanasema huo ndio uzuri wenyewe.

Mimi nawaambia hivi. Huku kwetu, mchezo gani tuliwahi kuusoma? Tumekua na michezo ya Kiingereza, hata ya Kijapani, sisi shuleni tunasoma Kifaransa na nyumbani tunasema Kiswahili. Maandishi yakitokea tulikuwa tunabonyeza, tunabonyeza, tunabonyeza mpaka yapite, tuanze kupigana. Tukimaliza, kila mtu anatunga hadithi yake. Kwa miaka mingi nilidhani yule mzee wa mchezo mmoja ni baba wa shujaa, kumbe ndiye adui. Basi, kwa mara ya kwanza, nimekaa mbele ya mchezo ambao Mmarekani hausomi na mimi siusomi. Sote tuko sawa.

Ushahidi ninao. Siku ya pili nilikuwa nacheza hapahapa. Shujaa huyu ni mgonjwa: ghafla anasimama, anapiga magoti, anakohoa damu, damu yenyewe nyekundu inayoelekea waridi. Mama mmoja jirani alikuwa anapita na beseni la unga wa bukari (ugali) kichwani. Maneti hajawahi kuigusa maishani. Akasimama, akatazama, akaniuliza: "Uyu mutoto eko anakohoa damu, na mama yake eko wapi?"

Bandugu, sikuwa na jibu. Nimesoma chambuzi ndefu za mchezo huu na sikukuta swali zuri kama lile. Maana huo ndio mchezo wenyewe: kijana mgonjwa, yuko peke yake, anatafuta dawa katika nchi iliyoharibika. Na si jambo la kubuni tu. Preston alizaliwa na ugonjwa wa moyo, amesema hadharani kwamba ule ugonjwa wa shujaa unatokana na ugonjwa wake mwenyewe. Mwaka 2013 aliomba watu wamchangie kupitia Kickstarter, akataka dola 27,000, akapata zaidi ya 640,000. Ukiyajua hayo, kikohozi kinakuwa kizito zaidi. Lakini yule mama alikielewa bila kuyajua.

Kuna jingine, hili nitalipitia polepole. Upande wa mashariki kuna maji, na kuna vyura wenye silaha. Mjini utakutana na viumbe waliotoroka, kila mmoja anakuonyesha picha zake: nyumba, kisha wale wenye silaha, kisha miili, kisha njia. Rafiki yangu mmoja aliyekuja Lubumbashi akitokea Kivu, kule kwenye vita, alizitazama zile picha mpaka mwisho, akarudia tena. Hakusema kitu. Akanirudishia maneti, akaomba maji ya kunywa. Sasa atakayeniambia hadithi haipo, aniambie rafiki yangu aliona nini.

Haya, tuje kwenye kupigana, maana najua wengi mnangojea hapo. Una upanga, una bunduki, una ule mruko wa kasi. Bunduki haijazi risasi zake yenyewe: kila unapomkata mtu, au hata sanduku, kwa upanga, ndipo risasi zinapanda. Kwa hiyo huwezi kusimama mbali ukapiga tu kama mwoga, lazima uingie ndani, ukate, utoke, upige, uingie tena. Maisha yako ni vibox vitano. Vitano! Mbwa mwitu mmoja akikupata vizuri unabaki na vinne, na hao mbwa mwitu hawaji mmoja mmoja. Nguvu mpya unanunua mjini kwa vipande vya manjano unavyookota njiani, vinne ndio vinakamilika kuwa kimoja, na vimefichwa kwelikweli. Mimi nawashauri mnunue kwanza uwezo wa kuunganisha miruko. Wengine watakuambia ununue ule wa kurudisha risasi kwa upanga. Ni mzuri, ila unataka mkono mwepesi, na mkono wangu umeshazeeka.

Ugumu huu umegawa watu. Vijana wanaocheza mpira kwenye vibanda vya PlayStation pale Kenya (Kenya ya hapa Lubumbashi, si ile nchi) walikuja watatu. Wawili waliacha kabla ya saa moja, wakasema mchezo unaonea. Wa tatu alibaki mpaka giza, akafa kwa bosi mmoja, yaani adui mkubwa, mara nyingi mno, kila mara anacheka. Kufa hakuumizi sana kwa kweli, unaanza tena karibu na mlango wa chumba kilekile. Hili kwetu ni baraka. Umeme ulikatika nikiwa katikati ya bosi, na betri ya kompyuta yangu ni jina tu. Uliporudi usiku, mchezo ulikuwa umejihifadhi wenyewe, nikajikuta mlangoni pake, sikupoteza chochote. Kuna michezo mikubwa ambayo ingenirudisha nyuma saa nzima.

Sasa makosa, na kosa ninalo moja kubwa. Ramani.

Fundi simu mmoja wa hapo sokoni, mtu mvumilivu, mtu anayetengeneza simu iliyoanguka chooni bila kukunja uso, alizunguka mashariki saa mbili. Saa mbili! Anafungua ramani, anafunga, anafungua. Mwisho akasema: "Ule mwenye kuchora hii karte, hata yeye njia hajue." Na ana haki. Ramani inakuonyesha alama ya kitu unachotafuta, haikuonyeshi njia ya kufikia pale, wala haikuambii kama uko juu ya daraja au chini yake. Kila upande una vito nane vya kutafuta, unahitaji vinne tu ili uamshe nguzo. Inaonekana rahisi. Lakini mlango wa kito unaweza kuwa nyuma ya ukuta usio na dalili yoyote ila kialama kidogo sana chini, na njia nyingine ziko hewani, unatembea juu ya kitu usichokiona.

Hapa siwaungi mkono wapenzi wa mchezo wanaosema kupotea ni sehemu ya utamu. Kunyamaza kuhusu hadithi ni jambo moja. Mtu ninayemwuliza njia ya kwenda Kamalondo anaweza kuninyima habari za familia yake, ni haki yake, lakini asininyooshee kidole angani. Kimya cha hadithi kimenifanya niwaze. Kimya cha ramani kimenifanya nizime kompyuta nikale.

Na kuna wenye hamu ya kusoma, siwasahau. Mchezo una mawe 16 yaliyoandikwa kwa herufi za ajabu. Wachezaji walikaa wakazichambua, wakapata alfabeti nzima. Rafiki yangu anayesoma UNILU, chuo kikuu cha Lubumbashi, alizinakili kwenye daftari la mazoezi ya hesabu, akafurahi kweli, usiku kucha. Asubuhi akaja amenuna. Kumbe ukishafasiri zile herufi, unapata Kiingereza! "Yaya (mkubwa wangu), nimezunguka dunia nzima nikarudia palepale," akaniambia. Nilicheka mpaka machozi.

Mambo mengine haraka haraka. Mlipoona watu wakilalamika kwamba picha inakwenda nusu ya kasi, fremu 30 kwa sekunde, malalamiko hayo yalikuwa ya mwanzo. Mwaka uleule walirekebisha kwa kompyuta ikawa 60. Kompyuta yangu ni ya zamani, haina kadi ya picha, na imeubeba bila shida. Kibodi na panya vinafaa, lakini mkipata maneti chezeni kwa maneti. Kuna kucheza wawili pia, kwenye kioo kimoja, ingawa mdogo wangu ananikimbia kila mara, sijui ni mchezo au ni mimi.

Muziki ni wa Disasterpeace, yule mtunzi wa muziki wa mchezo wa Fez. Si muziki wa kuchezea dansi. Ni sauti ndefu, za kinanda cha umeme, zinakuja zinaondoka kama mtu anayepumua usingizini. Wale vijana wa Kenya waliuzima wakaweka rumba kwenye simu. Sikuwazuia, kila mtu na masikio yake, lakini ukiuchezea usiku watu wamelala, acha uwepo.

Bei: bei yake ya kawaida kwenye Steam, duka la michezo la mtandaoni, ni dola 20 kasoro senti moja, na hushuka sana wakati wa punguzo, subirini huo wakati. Kwa iPhone ilikuwa kama dola tano. Kama huna kadi ya benki, omba ndugu aliye nje akununulie, umrudishie. Pakueni usiku, kama mna mega za usiku.

Na mkianza, anzeni mashariki. Mimi nilianza kaskazini kwa sababu mlima ulinivutia macho, wale makuhani wa ndege wakanifundisha adabu. Kusini msihangaike nako, hapafunguki mpaka mmalize pande tatu nyingine.

Yule mama wa bukari alirudi juzi, bandugu. Akauliza kama mtoto amepona. Nilikuwa nimeshaumaliza mchezo, najua jibu, lakini nilimwambia bado anatafuta dawa. Akasema atapita tena Jumapili.

Ngojeni, tak-tak imenyamaza. Wee, umefika ngapi? ... Ngapi? ... Mia saba na arobaini? Na umekosa?

Zimeni kamera, huyu anataka kutupa maneti yangu.