Siri za BuildKit: njia ya kujenga imeji ya Docker bila kuanika tokeni

Tokeni ya npm (ufunguo wa siri wa kupakua vifurushi vya JavaScript) ikipitishwa kwa ARG au ENV, maagizo ya Dockerfile ya kuweka vigeu, kila mwenye imeji (kifurushi cha programu kinachojengwa kwa Docker) anaweza kuisoma. Amri ya docker history --no-trunc inatosha kuianika. Kuandika unset kwenye hatua inayofuata ni kazi bure, maana thamani imekwisha kuandikwa kwenye taarifa za imeji.

BuildKit, ambayo ndiyo hujenga imeji za Docker kwenye Linux bila kuhitaji kuwashwa tangu toleo 23.0 la mwaka 2023, ina njia safi zaidi, na inafaa hata kwa mradi wa mtu mmoja. Kwenye Dockerfile, faili la maelekezo ya kujenga imeji:

RUN --mount=type=secret,id=npmrc,target=/root/.npmrc,required=true npm ci

Kisha kwenye skripti:

docker build --secret id=npmrc,src=$HOME/.npmrc .

Faili huonekana wakati wa hatua hiyo peke yake, wala haliingii kwenye tabaka lolote, yaani sehemu ya imeji inayohifadhi matokeo ya hatua moja. Maandishi yote ya .npmrc yakiwa kwenye kigeu cha mazingira, weka env= na jina la kigeu hicho mahali pa src. Usipotaja target, siri hukaa ndani ya /run/secrets/ kwa jina la id yake.

Hilo neno required=true lisiachwe. Bila hilo, siri ikikosekana BuildKit hunyamaza na kuendelea. Npm ndiyo hulalamika baadaye kwa kosa la 401 (hujaruhusiwa) au 404 (hakipatikani), na mtu huanza kukagua package.json isiyo na kosa lolote. Kwa maoni yetu hii ndiyo kasoro kubwa kuliko zote: ulazima ungepaswa kuwa ndio kawaida.

Ruhusa nazo husumbua. Siri huwekwa kwa ruhusa ya 0400 (mmiliki tu ndiye husoma), mali ya root, hivyo ukishaandika USER node utapata "permission denied". Ongeza uid=1000, namba ya mtumiaji node, na ubadilishe target iwe /home/node/.npmrc. Tena, kubadilisha siri hakuvunji kashe (matokeo ya hatua yaliyohifadhiwa ili yatumike tena): ukitaka hatua irudiwe kwa tokeni mpya, tumia --no-cache.

Kuna mengine BuildKit haiwezi kukukinga nayo. set -x kwenye skripti huchapa tokeni kwenye logi. npm config set huiandika kwenye faili linalobaki ndani ya tabaka. COPY . . hubeba .env nzima isipotajwa kwenye .dockerignore. Na tokeni iliyowahi kupita kwenye ARG, imeji ikasukumwa kwenye rejista (hifadhi ya imeji), ibatilishwe leo. Kujenga upya hakuifuti kwenye nakala zilizokwisha kupakuliwa.